Nafasi ya Mtenda katika Vitabu vya Watoto Vinavyopinga Ubaguzi wa Rangi: Mifano ya Marekani na Mafunzo kwa Uandishi wa Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vya watoto vinavyofundisha wema, kupokeana na kupinga ubaguzi wa rangi kwa kawaida huhakikiwa kwa kutazama ujumbe wake. Makala haya yanadai kwamba ujumbe peke yake si kipimo cha kutosha. Kinachomfundisha mtoto zaidi ni nafasi ambayo mhusika anayebaguliwa amepewa katika lugha ya kitabu: jina analoitwa, vitenzi ambavyo yeye ndiye kiima chake, na sauti inayosimulia habari zake. Hoja hii inafafanuliwa kwa vitabu vilivyotoka, au vilivyosomwa sana, nchini Marekani tangu mwaka 1899, vikiwamo viwili vilivyotumia Kiswahili. Sehemu ya mwisho inachunguza yanayotokea vitabu vya aina hiyo vinapotafsiriwa au kuandikwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Hadithi ya watoto katika Kiswahili, iwe ya mdomo au ya maandishi, aghalabu hufungwa kwa fundisho. Msimulizi amalizapo kisa hutaja wazi adili lililokusudiwa, na katika vitabu vya kiada hufuata maswali ambayo mojawapo humtaka mwanafunzi aeleze amejifunza nini. Desturi hii imewazoesha wahakiki kukitafuta kiini cha kitabu cha mtoto katika sentensi zake za mwisho. Kitabu kikisema kwamba watu wote ni sawa, huhesabiwa kuwa kimefundisha usawa. Kikinyamaza, huhesabiwa kuwa hakikufundisha kitu.

Njia hiyo ya kupima ina upungufu. Mtoto hajifunzi nafasi za watu kutokana na sentensi moja ya adili, bali kutokana na sentensi nyingi zinazoitangulia. Humo ndimo anamoona nani ametajwa kwa jina na nani ametajwa kwa sifa ya mwili tu. Nani ni kiima cha vitenzi vya kutenda, kufikiri na kusema, na nani ni yambwa siku zote. Nani anasimulia na nani anasimuliwa. Yamkini kitabu kikahubiri usawa katika ukurasa wa mwisho ilhali sarufi yake imekwisha kufundisha kinyume katika kurasa zote zilizotangulia.

Mifano mikuu ya makala haya imechukuliwa Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, mjadala wa ubaguzi katika vitabu vya watoto umedumu huko kwa muda mrefu na kuacha kumbukumbu nyingi zinazoweza kuchunguzwa. Pili, Kiswahili chenyewe kiliingizwa katika mjadala huo katika miaka ya 1970, jambo linalowahusu moja kwa moja wataalamu wa lugha hii.

2.0 Usuli: Kutoonekana na Kuonekana Vibaya

Mtoto mweusi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini alikabiliwa na mambo mawili katika vitabu: ama hakuwamo kabisa, ama alikuwamo kwa sura ya kuchekesha. Mwanazuoni W.E.B. Du Bois alijaribu kuyajibu yote mawili. Pamoja na Jessie Fauset na Augustus Dill alianzisha jarida la *The Brownies' Book*, lililotoka kila mwezi kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1921. Jarida hilo liliwaandikia "watoto wa jua", kama wahariri walivyowaita, na lilichapisha baadhi ya maandishi ya kwanza ya kijana Langston Hughes. Lilidumu kwa matoleo 24 tu, lakini lilionyesha kwamba jibu la dharau halikuwa kuomba huruma, bali kumpa mtoto mahali pa kusoma habari zake mwenyewe na za watu wake.

Pengo lililobaki baada ya hapo lilikuja kupimwa kwa takwimu mwaka 1965, Nancy Larrick alipochapisha uchunguzi wake katika jarida la *Saturday Review*. Alikuwa amewauliza wachapishaji kuhusu vitabu vya watoto vilivyotolewa kati ya mwaka 1962 na 1964. Katika vitabu 5,206, ni 349 tu, yaani asilimia 6.7, vilivyokuwa na mhusika mweusi hata mmoja katika maandishi au picha. Vilivyosimulia maisha ya Wamarekani Weusi wa wakati huo havikufika hata asilimia moja. Larrick alisisitiza kwamba madhara hayakumpata mtoto mweusi peke yake: mtoto mweupe naye alikuwa akifundishwa, bila neno lolote kutamkwa, kwamba dunia ni yake.

Kwamba watu wazima waliujua uzito wa mambo haya kunathibitishwa na kisa cha *The Rabbits' Wedding*, kitabu cha picha cha Garth Williams kilichotoka mwaka 1958. Ni hadithi ya sungura mweupe na sungura mweusi wanaopendana na kuoana. Mwaka 1959 wanasiasa wa jimbo la Alabama walidai kiondolewe, na Emily Reed, mkuu wa huduma ya maktaba za umma za jimbo hilo, aliandamwa sana. Kitabu kiliwekwa katika rafu za akiba, kikawa kinatolewa kwa maombi maalumu. Msomaji wa Kiswahili, aliyekulia katika ngano za Sungura na Fisi, ataona kwamba wanasiasa hao walisoma kama wasikilizaji wa ngano wanavyosikiliza: walijua kwamba mnyama katika hadithi ya mtoto ni mtu. Walichoogopa si fundisho, kwa maana kitabu hakikutamka fundisho lolote kuhusu rangi. Waliogopa kuona viumbe wawili wa rangi mbili wakiwa viima vya kitenzi kimoja, tena kitenzi cha kutendana.

3.0 Jina Kama Hukumu

Uwezo wa jina unaonekana vizuri zaidi katika historia ya *The Story of Little Black Sambo*. Kitabu hiki cha Helen Bannerman, mwanamke wa Kiskochi aliyeishi India, kilichapishwa London mwaka 1899. Kisa chenyewe kinamheshimu mtoto. Mvulana anakutana na chui-milia wanaotaka kumla. Anawapa nguo zake nzuri moja baada ya nyingine, naye anaokoka. Chui-milia wanagombana na kukimbizana kuuzunguka mti hata wanayeyuka kuwa samli, na samli hiyo inatumiwa kupikia chapati za mayai. Mtoto ndiye mwerevu na ndiye mshindi. Kwa kipimo cha nani anatenda, kitabu hiki kingefaulu.

Lakini majina yanaubatilisha ushindi huo. Neno "Sambo" lilikuwa tayari jina la dharau kwa watu weusi, na wazazi wa mtoto wameitwa Mumbo na Jumbo, majina ambayo yakiunganishwa humaanisha maneno ya upuuzi. Katika kila jina limetiwa pia neno la rangi, kana kwamba weusi ni sehemu ya jina la ukoo. Picha za mwandishi, na hasa za matoleo mengi yaliyochapishwa Marekani baadaye, zilizidisha kejeli hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtoto mweusi darasani aliweza kuitwa "Sambo" na wenzake baada ya somo, na kisa cha werevu kikawa chombo cha kumdhihaki.

Mwaka 1996 yalitoka majibu mawili ambayo mwanaisimu anaweza kuyatazama kama jaribio la maabara. La kwanza ni *The Story of Little Babaji*, lenye picha za Fred Marcellino. Maandishi ya Bannerman yaliachwa karibu yote kama yalivyokuwa. Yaliyobadilishwa ni majina, yakawa ya Kihindi, pamoja na picha. Dharau ikatoweka. Jibu la pili ni *Sam and the Tigers*, lililoandikwa upya na Julius Lester na kuchorwa na Jerry Pinkney, wote wawili Wamarekani Weusi. Lester aliwapa watu wote wa mji wake jina moja, Sam. Jina lililokuwa la kumtenga mmoja likawa la kila mtu, na kwa hiyo likapoteza uwezo wa kutenga. Majaribio haya mawili yanathibitisha kwamba madhara ya kitabu cha kwanza hayakuwa katika mfuatano wa matukio wala katika adili, bali katika tabaka la leksimu. Mhakiki anayesoma dhamira peke yake hana njia ya kuliona tabaka hilo.

4.0 Nani Anatenda, Nani Anatendewa?

Baada ya uchunguzi wa Larrick, vitabu vyenye wahusika weusi viliongezeka. Swali likabadilika: si tena kama wamo, bali wamo vipi. Rudine Sims alilijibu katika *Shadow and Substance* (1982), alimochunguza vitabu 150 vya hadithi za uhalisia vilivyotoka kati ya mwaka 1965 na 1979. Alivigawa katika makundi matatu, ambayo kwa Kiswahili yanaweza kuitwa vitabu vya dhamiri ya jamii, vitabu vya chungu cha kuyeyushia, na vitabu vya utambuzi wa utamaduni.

Kundi la kwanza ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, kwa sababu nia yake ni njema. Vitabu vya dhamiri ya jamii viliandikwa hasa kwa ajili ya msomaji mweupe, ili ajifunze kumhurumia mwenzake mweusi. Kisa cha kawaida ni cha mtoto mweusi anayehamia katika shule au mtaa wa watu weupe; anateswa; mtoto mweupe mmoja anaguswa moyo na kumtetea. Sentensi zifuatazo, zilizotungwa kwa ajili ya makala haya, zinaonyesha muundo wake wa ndani:

(1) a. Mtoto mweusi alichekwa, akasukumwa, akafukuzwa.
b. Petro alimhurumia, akamtetea, akamkubali.

Katika (1a) vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa na mtenda hakutajwa. Ubaguzi umekuwa kama mvua: umenyesha tu, hakuna aliyeunyeshea. Katika (1b) mtenda ametajwa kwa jina, lakini ni yule anayeokoa. Mtoto mweusi hana jina katika sentensi yoyote. Katika ya kwanza ni mtendwa wa uovu, na katika ya pili ni mtendwa wa wema; nafasi yake haikubadilika. Aliyekua kimaadili ni Petro, na mtoto mweusi alikuwa nyenzo ya makuzi hayo. Msomaji mweusi wa kitabu kama hicho hufundishwa kwamba tumaini lake ni kupata mtetezi.

Kundi la pili lilikwepa kosa hilo kwa kutotaja tofauti kabisa. Mfano mashuhuri unaofanana na kundi hili, ingawa ulitangulia kipindi alichokichunguza Sims, ni *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats (1962), kilichopata medali ya Caldecott mwaka 1963. Keats, mzaliwa wa Brooklyn, alikuwa mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Mhusika wake, Peter, ni mtoto mweusi aliyevaa nguo nyekundu anayetoka kuchezea theluji. Maandishi hayasemi lolote kuhusu rangi yake, picha ndizo zinazosema. Peter ni kiima cha karibu vitenzi vyote: anatembea, anavuta miguu, anaugonga mti kwa kijiti, anatia bonge la theluji mfukoni. Kwa kipimo cha nafasi ya mtenda hiki ni kitabu cha ukombozi, na haishangazi kwamba mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kuwa ndicho kilichoazimwa kuliko vingine vyote katika historia yake, zaidi ya mara 485,000. Hata hivyo Larrick alilalamikia sura ya mama katika picha, na wengine waliuliza kama kunyamaza kuhusu rangi si njia ya kumfurahisha msomaji mweupe. Jibu la haki ni kwamba kitabu hiki kilifanya kazi moja, nayo kikaifanya vizuri: kilimpa mtoto mweusi siku ya kawaida.

Kundi la tatu ni la vitabu vinavyosimulia kutoka ndani ya maisha ya Wamarekani Weusi. Kilele chake ni *Roll of Thunder, Hear My Cry* cha Mildred D. Taylor (1976), kilichopata medali ya Newbery mwaka 1977. Msimulizi ni msichana Cassie Logan, katika jimbo la Mississippi la miaka ya 1930, naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Mwanzoni mwa riwaya hiyo mna tukio ambalo kila mtunzi wa vitabu vya watoto angepaswa kulitafakari. Wanafunzi weusi wanagawiwa vitabu vya kusomea, na mdogo wake Cassie, aliyevingoja kwa hamu, anakikataa chake. Ndani ya jalada mna jedwali la wasomaji waliotangulia: kitabu kilipokuwa kizuri kilikuwa cha watoto weupe, na kilipochakaa kabisa kikapewa mtoto mweusi, ambaye ametajwa kwa neno la dharau. Mtoto ameisoma sentensi ambayo haikuandikwa kama fundisho, na amejifunza kutokana nayo kuliko somo lolote. Mama yao, ambaye ni mwalimu katika shule hiyo, anachukua karatasi na gundi, anayafunika majedwali hayo. Hapa anayebaguliwa ndiye mtenda: mtoto anakataa, dada anamtetea, mama anafunika. Hakuna mtu mweupe aliyehitajika ili upinzani uwepo.

Si kwamba kitabu kikimpa mtoto mweusi nafasi ya mtenda kimekuwa salama kwa kila msomaji. *Amazing Grace* cha Mary Hoffman, kilichochorwa na Caroline Binch (1991), kinamsifu msichana mweusi wa Uingereza anayeambiwa hawezi kuigiza Peter Pan kwa sababu ya jinsia na rangi yake, naye akawashinda wote kwa uhodari. Lakini katika michezo yake Grace alichorwa pia amejivika umbo la Mwenyeji wa Asili wa Marekani, na wahakiki wa jamii hiyo walilalamika kwamba watoto wao wamegeuzwa vazi la kuchezea. Nafasi aliyopewa mmoja ilichukuliwa kwa mwingine.

5.0 Kutoka Nafsi ya Tatu hadi Nafsi ya Kwanza

Tofauti ya kusimuliwa na kusimulia inaonekana wazi katika vitabu viwili kuhusu mtoto mmoja. Tarehe 14 Novemba 1960, Ruby Bridges, msichana wa miaka sita, alisindikizwa na maofisa wa serikali kuu kuingia katika shule ya msingi ya William Frantz mjini New Orleans, iliyokuwa ya watoto weupe tu. Umati ulimzomea. Wazazi weupe wakawaondoa watoto wao, naye akasoma mwaka mzima peke yake darasani na mwalimu Barbara Henry.

Mwaka 1995 Robert Coles, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akimtembelea Ruby wakati ule, alitoa *The Story of Ruby Bridges*, chenye picha za George Ford. Kiini chake ni asubuhi moja Ruby alipoonekana amesimama mbele ya umati akitamka maneno. Mwalimu alidhani anazungumza nao. Kumbe alikuwa anawaombea wasamehewe. Ni kitabu chenye heshima, na Ruby wa Coles si mtendwa tu: anasali, na sala ni tendo. Lakini msomaji anamtazama kutoka nje, kupitia macho ya watu wazima wanaomstaajabia. Wema wake unakaribia kuwa fumbo.

Mwaka 1999 Ruby Bridges mwenyewe, akiwa mtu mzima, alitoa *Through My Eyes*. Jina la kitabu linataja macho yake, na ndani mnasimuliwa kwa "mimi". Mtoto yule anayestaajabiwa anageuka kuwa mtu aliyeshindwa kula chakula chake shuleni, aliyedhani mwanzoni kwamba kelele za umati ni za sherehe ya Mardi Gras, na aliyempenda mwalimu wake hata akaiga matamshi yake. Ujasiri unabaki, lakini sasa una sababu, hofu na upweke. Kwa mtoto anayesoma, tofauti hii ni kubwa: mtakatifu huheshimiwa, bali mtoto mwenzako huweza kuigwa.

Uzito wa kusema "mimi" haujaisha. Mwaka 2021, katika wilaya ya Williamson jimboni Tennessee, kikundi cha wazazi kililalamikia kitabu kingine cha Ruby Bridges, *Ruby Bridges Goes to School* (2009), kwa jinsi kilivyoonyesha umati wa watu weupe wenye hasira. Malalamiko hayo yaligusa hasa lile ambalo kauli ya kutendwa bila mtenda ingelificha. Kitabu kilikuwa kimemtaja mzomeaji.

6.0 Kiswahili Ndani ya Vitabu Hivyo

Katika miaka ya 1960 Wamarekani Weusi wengi walikitazama Kiswahili kama lugha ya Afrika isiyofungwa na kabila moja. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, iliziita nguzo zake saba kwa maneno ya Kiswahili. Katika hali hiyo Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika *Moja Means One* (1971), kitabu cha kuhesabu hadi kumi, na *Jambo Means Hello* (1974), kitabu cha alfabeti. Vyote vilichorwa na Tom Feelings, na vyote vilipata heshima ya Caldecott, mwaka 1972 na 1975.

Vitabu hivi havina mbaguzi wala mtetezi, na havina fundisho la mwisho. Upinzani wake uko mahali pengine. Mtoto aliyezoea kuona Afrika ikitajwa kwa majina kama Mumbo na Jumbo anapewa maneno halisi, yenye maana na matamshi yaliyofafanuliwa, na kila neno limeambatana na watu wanaofanya kazi zao. Kile ambacho Bannerman alikigeuza kuwa upuuzi, Feelings alikirudisha kuwa lugha.

Hata hivyo mtaalamu wa Kiswahili hawezi kuliacha jina la kitabu cha pili bila maelezo. Miongoni mwa wenyeji wa lugha, salamu ni "hujambo", na jibu ni "sijambo". Ndani yake mna kikanushi na nafsi, yaani anayesalimu anamuuliza mwenziwe kama hana jambo lililompata. "Jambo" tupu ni umbo ambalo wenyeji huwarahisishia wageni. Kinachopotea katika kurahisisha huko ni nafsi yenyewe: "wewe" na "mimi" wametoka katika salamu. Kasoro hii haiondoi thamani ya kitabu, lakini inakumbusha kwamba hata heshima ya dhati humsikia mwenzake kwa umbali.

Katika makala yake ya mwaka 1990, Rudine Sims Bishop alisema kwamba vitabu huwa vioo, madirisha na milango: mtoto hujiona, humwona mwenzake, au huingia kwake. Kwa istilahi hizo, vitabu vya Feelings vilikusudiwa kuwa kioo cha mtoto mweusi wa Marekani, lakini kwa mtoto wa Morogoro au Mombasa vingekuwa dirisha la kutazamia jinsi anavyotazamwa.

7.0 Kuvihamishia Kiswahili

Mtoto wa Afrika Mashariki asomapo kitabu cha kupinga ubaguzi kilichotoka Marekani, yeye si wa jamii ya wachache wenye rangi. Mambo matatu ya lugha yanahitaji uangalifu wa mtafsiri.

La kwanza ni istilahi ya ubaguzi yenyewe. Katika Kiingereza dhana hii imeundwa kutokana na nomino yenye maana ya mbari. Katika Kiswahili imeundwa kutokana na kitenzi "kubagua". Hivyo "ubaguzi wa rangi" ni tendo, na kila tendo lina mtenda: yuko "mbaguzi". Lugha inampa mwandishi nafasi ya kuuliza ni nani aliyebagua. Mtafsiri anayeandika "watoto weusi hawakuruhusiwa" mahali ambapo angeweza kuandika "wakuu wa mji hawakuwaruhusu" anaitupa nafasi hiyo.

La pili ni neno "Mzungu". Nomino hii haitaji rangi, bali asili ya Ulaya, na hubeba maana ya mgeni. Umati wa New Orleans ukiitwa "Wazungu", mtoto wa Tanga atafahamu kwamba wageni walimzomea mwenyeji, kisa kinachofanana na cha ukoloni. Uchungu wa kisa cha Ruby ni kinyume chake: waliomzomea walikuwa raia wenzake, wazazi wa watoto ambao angesoma nao. "Wamarekani Weupe", au "majirani zake weupe" pale muktadha unaporuhusu, huuhifadhi uchungu huo.

La tatu ni vitenzi vya wema. "Kumkubali", "kumvumilia" na "kumhurumia" vina kiima kimoja na yambwa mmoja. Anayekubali yuko juu, anayekubaliwa anangoja. Kiswahili kina kauli ya kutendana, inayowafanya wote wawili kuwa watenda:

(2) a. Watoto walimpokea mwenzao.
b. Watoto walipokeana.

Sentensi (2a) haina ubaya, na kuna nyakati ndiyo kweli ya kisa. Lakini kitabu kizima kilichojengwa juu ya muundo huo hufundisha hisani, si usawa. Linganisha pia "kumkubali" na "kukubaliana": kiambishi kimoja kimeigeuza ruhusa ya mmoja kuwa mapatano ya wawili, kila mmoja akiwa na kauli yake.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa ubaguzi ulio karibu zaidi na msomaji huyu. Nchini Tanzania watu wenye ualbino waliandamwa kwa mauaji yaliyotangazwa sana mwishoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kukuza uelewa wa ualbino. Mwandishi wa watoto anayetaka kuwatetea hukutana na neno "zeruzeru", lenye wingi "mazeruzeru". Upatanisho wake wa kawaida ni wa ngeli ya watu: "zeruzeru amekuja". Mwenye dharau husema "limekuja", kama ambavyo humwambia kiziwi "kimekuja", na kwa silabi moja mtu ametolewa katika ngeli ya watu. Kirai "mtu mwenye ualbino" kina manufaa ya kuanza na neno "mtu"; lakini jina la mtoto mwenyewe lina manufaa zaidi. Hadithi inayosema "Neema alipanda mwembe" na kuiachia picha ionyeshe ngozi yake imetenda alilolitenda Keats mwaka 1962. Hadithi ambayo Neema anafichwa, anaokolewa na kuhurumiwa mpaka mwisho imerudia sentensi (1) kwa Kiswahili, hata ikifungwa kwa methali kwamba mcheka kilema hafi hakijamfika. Methali hiyo nayo, ikitazamwa vizuri, inamwonya anayecheka. Anayechekwa haambiwi lolote.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba wema na upinzani dhidi ya ubaguzi katika vitabu vya watoto hukaa ndani ya lugha kabla ya kufika katika fundisho. Kisa cha Sambo kimeonyesha kwamba majina peke yake yanaweza kuugeuza ushindi wa mtoto kuwa fedheha, na kubadilishwa kwake kukairudisha heshima. Vitabu vya dhamiri ya jamii vimeonyesha kwamba huruma isiyompa anayehurumiwa kitenzi chake mwenyewe humwacha pale alipokuwa. Cassie Logan na Ruby Bridges wameonyesha kinachopatikana pale anayebaguliwa anaposimulia.

Hailazimu kuitupa desturi ya Kiswahili ya kufunga hadithi kwa adili. Ina umri na ina kazi yake. Linalopendekezwa ni kwamba mwandishi, mtafsiri na mhariri wa kitabu cha watoto, kabla ya kuliandika swali la mwisho la mazoezi, wakihesabu kitabu chao chenyewe: mtoto anayebaguliwa ametajwa kwa jina mara ngapi, amekuwa kiima cha vitenzi vingapi, vingapi kati ya hivyo ni vya kusema na kufikiri, na mbaguzi ametajwa au amefichwa katika kauli ya kutendwa. Hesabu hiyo huchukua saa moja. Watafiti wa fasihi ya watoto nao wana kazi pana mbele yao ya kuifanya hesabu hiyo kwa vitabu vya kiada na vya ziada vilivyomo mikononi mwa wanafunzi wa Kiswahili, ili ijulikane ni watoto gani katika vitabu hivyo wanaotenda na ni watoto gani wanaotendewa tu.